Kura 13 za Dick Allen hazikuwa rambirambi

Julai 27, 2025, katika mji mdogo wa Cooperstown, jimbo la New York, Willa Allen alipanda jukwaani kutoa hotuba ambayo kwa desturi hutolewa na mchezaji mwenyewe. Mumewe, Dick Allen, alikuwa na karibu miaka mitano kaburini. Siku hiyo aliingizwa rasmi katika Jumba la Umaarufu la besiboli ya Marekani, lililoko mjini humo, pamoja na Dave Parker, Ichiro Suzuki, CC Sabathia na Billy Wagner. Desemba 2024 kamati ya watu 16, ile inayopitia wachezaji wa zamani walioachwa na waandishi, ilikuwa imempa kura 13, na kilichohitajika ni 12. Tangu hapo maelezo yaliyoshika mizizi, hata miongoni mwa waliompigia makofi, ni kwamba marehemu alionewa sana enzi zake, mara mbili alikosa kura moja tu, akafa akisubiri, na wanakamati wakaona wampoze. Yaani heshima ile ilikuwa rambirambi.

Nayapinga maelezo hayo kwa nguvu zote, na si kwa sababu Allen hakuonewa. Alionewa. Nayapinga kwa sababu yanamsifu huku yakimshusha: yanamfanya mtu wa kusikitikiwa wakati alikuwa mmoja wa wapigaji wakali kuliko wote waliowahi kushika gongo. Kilichotokea Desemba 2024 ni kusahihishwa kwa hesabu iliyokosewa kwa zaidi ya miaka 40. Waliokosea walikuwa wapigakura, na makosa yao yalikuwa ya aina mbili: walihesabu jumla bila kuangalia mazingira ya namba zile, na walichukua habari za tabia yake kwa watu waliokuwa na ugomvi naye.

Tuanze na kazi yake uwanjani, maana mchezaji hupimwa hapo kwanza. Allen alicheza ligi kuu kuanzia mwishoni mwa 1963 hadi 1977, zaidi Philadelphia na Chicago, akapitia St. Louis, Los Angeles na Oakland. Aliondoka na homurani 351, ile mipira inayopigwa ikavuka uzio, na wastani wa kupiga wa .292, yaani karibu mapigo 29 yaliyofanikiwa kwa kila majaribio 100. Ukiziweka namba hizo kando ya za miaka ya 1990 zinaonekana za kawaida tu, na waandishi waliokuwa wakipiga kura kati ya 1983 na 1997 walizitazama hivyo. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kufikisha hata asilimia 19 ya kura, wakati sharti ni asilimia 75. Lakini wachambuzi wa besiboli wana kipimo kiitwacho OPS+, ambacho huchukua uwezo wa mpigaji kufika kwenye besi, vile vituo vinne anavyovikimbilia, na nguvu ya mapigo yake, kisha hulinganisha na wastani wa ligi ya mwaka uleule, pamoja na kurekebisha tofauti za viwanja. Mpigaji wa wastani ni 100. Allen ana 156. Hank Aaron na Willie Mays, majina ambayo hata asiyejua besiboli huenda ameyasikia, wako palepale alipo yeye, tofauti ikiwa pointi moja tu huku au kule. Na ukichukua miaka ya 1964 hadi 1974 peke yake, hakuna mpigaji yeyote wa ligi kuu aliyempita katika kipimo hicho, wakati Aaron, Frank Robinson, Willie McCovey na Roberto Clemente wote walikuwa uwanjani.

Kwa nini basi namba zake ghafi zinaonekana ndogo? Kwa sababu alipiga katika kipindi kigumu kwa wapigaji kuliko karibu kipindi chochote baada ya vita vya pili vya dunia. Mwaka 1963 eneo halali la kurushia mpira lilipanuliwa, na warushaji wakatawala. Kilele kilikuwa 1968: Bob Gibson wa St. Louis alimaliza msimu akiwa ameruhusu wastani wa mikimbio (ndizo pointi za besiboli) 1.12 kwa mchezo, wapigaji wa ligi mbili zinazounda ligi kuu, American League na National League, kwa pamoja walikuwa na wastani wa .237, na katika American League nzima ni mtu mmoja tu, Carl Yastrzemski, aliyefikisha .300, naye kwa .301. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka uliofuata wakuu wa mchezo walipunguza kilima anachosimama mrushaji kutoka inchi 15 hadi 10 ili wapigaji wapate nafuu. Katika mwaka huo wa 1968 Allen alipiga homurani 33, wa pili katika National League nyuma ya McCovey. Sisi tuna njia yetu ya kulielewa jambo hili. Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16 kule Christchurch mwaka 1974. Leo wapo wakimbiaji wengi wanaoshuka chini ya muda huo, na hakuna Mtanzania mwenye akili timamu anayesema kwa hiyo Bayi alikuwa mkimbiaji wa kawaida. Siku ile hapakuwa na binadamu aliyewahi kukimbia hivyo. Huyo ndiye wa kiwango cha juu: aliyewaacha wenzake, kwenye uwanja uleule na upepo uleule.

Msimu wake wa 1972 akiwa na Chicago White Sox unatosha kumaliza sehemu hii ya ubishi. Wastani .308, homurani 37, mikimbio 113 aliyoileta nyumbani kwa mapigo yake, OPS+ ya 199. Aliongoza American League kwa homurani na kwa mikimbio hiyo. Taji la wastani ndilo lililomponyoka, likaenda kwa Rod Carew aliyekuwa na .318. Ligi hiyo ilikuwa imedorora kwa upigaji kiasi kwamba mwaka 1973 iliruhusu mtu wa kupiga badala ya mrushaji ili mashabiki waone mikimbio. Allen alipata tuzo ya mchezaji bora wa ligi, kisha mkataba uliomfanya kuwa mchezaji anayelipwa zaidi kuliko wote katika besiboli. Waliokuwa wakitoa fedha zao mifukoni hawakuwa na shaka kama ni wa daraja la juu au la.

Miaka michache iliyopita nilisimama kando ya uwanja wa Azania, Dar es Salaam, ambako vijana wetu hucheza besiboli iliyoletwa na walimu wa Kijapani. Kijana mmoja mwembamba alikuwa amechukua gongo la mkubwa wake. Kila mpira ulipokuja, ncha ya gongo ilikuwa imeshalala chini kabla mikono yake haijaanza kuzunguka, na mpira ukampita ukagonga glavu ya mdakaji nyuma. Akajaribu mara sita hivi, akalirudisha. Ndiyo siku nilipoelewa kwa macho jambo ambalo nilikuwa nimelisoma tu: gongo la Allen lilizidi aunsi 40, yaani zaidi ya kilo moja na gramu 100, wakati wapigaji wengi wa leo hutumia la takriban gramu 900. Mpira wa mrushaji wa ligi kuu hufika kwa chini ya nusu sekunde. Kulizungusha gongo lile kwa wakati, dhidi ya warushaji wa 1968, si nguvu za kubeba magunia. Ni jicho na kiwiko cha aina ya pekee. Wala hakuwa mtu wa nguvu tu. Julai 31, 1972, kule Minnesota, dhidi ya Bert Blyleven ambaye naye yumo Cooperstown, alipiga homurani mbili katika mchezo mmoja bila mpira kuvuka uzio. Alikimbia besi zote nne mara mbili kabla walinzi hawajaurudisha.

Sasa hoja za upande wa pili, na ziko zenye uzito. Ya kwanza ni ufupi wa kazi yake. Allen alicheza michezo 1,749. Katika misimu 15 ni sita tu ambayo alifikisha michezo 140. Mwaka 1967 alikuwa akisukuma gari lake bovu, mkono ukapenya kwenye kioo cha taa ya mbele, ukakatika mishipa. Mwaka 1973 akavunjika mguu kwenye besi ya kwanza. Mchezaji asiyekuwepo uwanjani haisaidii timu, na hili silipuuzi. Hoja ya pili ni ulinzi. Mwaka 1964, msimu wake wa kwanza kamili, alifanya makosa 41 kwenye besi ya tatu, mengi kuliko mlinzi yeyote wa nafasi hiyo katika ligi yake. Ni kweli kwamba mwaka uliotangulia alikuwa akicheza uwanja wa nje kwenye ligi ndogo na klabu ikamtupa katika nafasi mpya mbele ya umma, lakini hata alipohamishiwa kwingine hakuwahi kuwa mlinzi mzuri. Mwenye kusema kwamba Allen ni mdogo kwa Aaron na Mays, kwa sababu wao walicheza miaka mingi zaidi na kwa pande zote mbili za mchezo, kupiga na kulinda, simbishii.

Lakini swali halijawahi kuwa kama ni sawa na Mays. Swali ni kama anastahili kukaa na waliomo humo ndani. Hank Greenberg ana homurani 331 katika michezo 1,394, na yumo. Ralph Kiner ana 369 katika michezo 1,472, na yumo. Upande wa pili wapo waliodumu muda mrefu kwa kiwango cha chini zaidi: Harold Baines alicheza michezo 2,830 na OPS+ yake ni 121, Tony Pérez ana 122, Jim Rice ana 128. Wote wamo. Sisemi watolewe. Nasema kipimo kilichowaingiza hao, kikitumika kwa haki, hakiwezi kumwacha nje mtu wa 156. Kwa hiyo lazima palikuwa na kitu kingine kwenye mizani, na kitu hicho ndicho hoja ya tatu, iliyo dhaifu kuliko zote na iliyofanya kazi kubwa kuliko zote: kwamba Allen alikuwa sumu, kwamba alizibomoa timu zake kutoka ndani.

Tazama ilikoanzia. Mwaka 1963 Philadelphia walimpeleka kijana huyu wa miaka 21, mzaliwa wa Wampum, kijiji cha Pennsylvania, kuwa mchezaji wa kwanza mweusi wa timu ya Little Rock, Arkansas. Hakuandaliwa, wala hakuambiwa kinachomsubiri. Aliyerusha mpira wa ufunguzi wa msimu alikuwa gavana Orval Faubus, yuleyule aliyetumia askari mwaka 1957 kuwazuia wanafunzi tisa weusi kuingia shuleni katika mji huohuo. Baada ya mchezo Allen alikuta karatasi ya matusi ya rangi kwenye kioo cha gari lake. Alimaliza msimu akiwa anaongoza ligi kwa homurani, 33. Akapandishwa Philadelphia, na huko wakaanza kumwita Richie, jina ambalo hakulitumia nyumbani wala hakulitaka. Alisema mara nyingi kwamba yeye ni Dick. Ilichukua miaka kabla magazeti hayajamsikiliza, na ombi lenyewe likahesabiwa kuwa dalili ya ukorofi. Mtu anaomba aitwe jina lake, anaandikwa kuwa mkorofi!

Kisha ikaja Julai 3, 1965. Kabla ya mchezo, Allen na mwenzake mzungu, Frank Thomas (si yule wa Chicago wa miaka ya baadaye), walirushiana maneno kisha ngumi, na Thomas akampiga Allen begani kwa gongo. Klabu ikamwondoa Thomas siku hiyohiyo. Allen akakatazwa kueleza kilichotokea, akitishiwa faini, huku Thomas akiwa huru kueleza upande wake. Mashabiki wakaamua kwamba kijana mweusi ndiye aliyemfukuzisha mkongwe. Tangu hapo walimzomea na kumrushia vitu hadi akawa anavaa kofia ngumu ya mpigaji hata anapolinda besi. Mwaka 1969 alianza kuchora maneno kwa kiatu kwenye udongo wa besi ya kwanza, akajibizana na jukwaa bila kufungua mdomo, mpaka akaamriwa aache. Nikiwaza picha hiyo, mwanamume wa miaka 27 aliyezuiwa kujieleza akiandika ardhini kwa mguu mbele ya maelfu ya watu, sioni sumu. Namwona mtu aliyebanwa.

Hata hivyo nisimpake mafuta. Juni 1969 hakutokea uwanjani New York kwa sababu alikuwa kwenye mbio za farasi New Jersey, na akasimamishwa kwa karibu mwezi mzima. Septemba 1974 aliiaga Chicago msimu ukiwa bado na wiki mbili, ingawa homurani zake 32 zilibaki kuwa nyingi kuliko za yeyote katika ligi hiyo. Kuchelewa kwake na unywaji wake si uzushi wa waandishi. Mwajiri yeyote angekasirika. Lakini kati ya mfanyakazi anayemkasirisha mwajiri na mfanyakazi anayeifilisi kampuni kuna umbali mrefu, na wenye hoja ya sumu huruka umbali huo kwa mkupuo mmoja bila kuonyesha ushahidi wa matokeo. Matokeo yapo, tuyaangalie. White Sox walikuwa wameshinda michezo 56 tu na kupoteza 106 mwaka 1970, katika kipindi ambacho watu walikuwa wakiulizana kama klabu itabaki Chicago. Mwaka 1971 walishinda 79. Mwaka 1972, Allen alipofika, walishinda 87 katika msimu uliofupishwa na mgomo, wakawa wa pili nyuma ya Oakland waliokwenda kutwaa ubingwa, na mashabiki waliofika uwanjani, waliokuwa karibu 834,000 msimu uliotangulia, wakavuka milioni 1.1. Kocha wao, Chuck Tanner, alimtetea Allen hadi uzeeni. Philadelphia walimrudisha mwaka 1975 kwa hiari yao, na mwaka 1976, akiwa bado nao, wakafika hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 1950. Mike Schmidt, ambaye wengi humwita mlinzi bora wa besi ya tatu katika historia, alikuwa kijana kwenye timu hiyo na amesema hadharani kwamba Allen alikuwa mwalimu wake. Sumu gani hii inayomlea Mike Schmidt?

Husemwa pia kwamba kama angekuwa bora hivyo, asingeuzwa kila mwaka: Philadelphia 1969, St. Louis 1970, Los Angeles 1971. Hoja hii inasahau kwamba mchezaji wa wakati ule hakuwa na sauti juu ya mahali pake pa kazi. Aliuzwa na kununuliwa kwa uamuzi wa wenye klabu. Na ni biashara ileile ya Allen kwenda St. Louis iliyolifichua jambo hili. Curt Flood, aliyepangiwa kuchukua njia ya upande wa pili kuelekea Philadelphia, alikataa kwenda na akaishtaki besiboli nzima hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambako alishindwa mwaka 1972. Kuzitumia hamahama za enzi hizo kama ushahidi dhidi ya mchezaji ni kumhukumu kwa uamuzi ambao sheria haikumruhusu kuufanya.

Nasisitiza haya yote kwa sababu tafsiri ya rambirambi ina madhara kwa watakaofuata. Kanuni za Cooperstown zinawataka wapigakura watazame pia uadilifu na tabia ya mchezaji, sio takwimu peke yake. Sioni ubaya wa kanuni hiyo. Ubaya ni kwamba tabia haina jedwali. Husimuliwa, na kwa miaka mingi waliokuwa wakiisimulia walikuwa kundi moja la wanaume wazungu waliokaa na kalamu kwenye vyumba vya wachezaji, wakimpenda aliyewachekea na kumkatia aliyewanyamazia. Tukikubali kwamba Allen ameingia kwa huruma, tunakubali kwamba simulizi yao ilikuwa sahihi ila tumeamua kuisamehe. Wachezaji wengine wa miaka hiyo walioandikwa kuwa wagumu, wenye kiburi, wasioshukuru, watabaki na majalada yao kama yalivyo. Wakati jalada la Allen limesomwa upya na kuonekana limejaa nusu ya habari.

Na kuchelewa kwenyewe kuna gharama isiyolipika. Mwaka 2014 alipata kura 11 kati ya 16. Kamati ilipaswa kukutana tena Desemba 2020, mkutano ukaahirishwa kwa sababu ya janga la korona, na katika juma lilelile ambalo ungefanyika, Allen akafa nyumbani kwao Wampum akiwa na miaka 78. Mwaka 2021 wakampa 11 tena. Luis Tiant, mrushaji kutoka Kuba aliyekuwa kwenye orodha ileile ya Desemba 2024, alifariki Oktoba ya mwaka huo, miezi miwili kabla ya kura. Kamati inayoshughulikia kizazi hiki hukaa mara moja kwa miaka mitatu, na kikao kijacho ni Desemba 2027. Wanaosubiri ni wazee.

Philadelphia, klabu iliyomtesa, ndiyo iliyokataa kungoja. Ilikuwa na desturi ya kutostaafisha jezi ya mtu hadi aingie Cooperstown. Septemba 3, 2020 iliivunja desturi hiyo na kuiondoa namba 15 kwenye matumizi, uwanja ukiwa hauna mashabiki kwa sababu ya korona. Schmidt alikuja kuzungumza. Allen alikuwepo, amekaa, akasikia kila neno. Ilikuwa imebaki miezi mitatu.